Kadi Isiyo na Jina

Sajini Cornel alifika dukani kwa Rajnikant, Kalangalala mjini Geita, saa mbili na robo asubuhi, na hakuja kutafuta ukweli. Ukweli aliamini anao tayari. Alikuja kuchukua kielelezo.

Siku mbili nyuma, katika kituo kidogo cha polisi kule Runzewe, alikuwa amemhoji mwanamke wa kijiji cha Nyamalulu aitwaye Limi, umri miaka ishirini, mama wa mtoto mmoja. Kaya thelathini na tisa za kijiji hicho zilikuwa zimeuza maksai na mbuzi ili zinunue kadi za kampuni ya ng'ambo iliyojiita Mti wa Neema. Sharti lake lilikuwa jepesi kusimulia: mmoja awalete watatu, kila mmoja wa hao awalete watatu, na hao nao watatu watatu. Timu ikifika watu thelathini na tisa chini ya aliyeanza, kampuni italeta mashine inayonusa dhahabu chini ya ardhi, mali ya timu nzima. Timu ilijaa mwezi wa tano. Sasa ulikuwa mwezi wa nane mwaka 1999, mashine haijaonekana, na Abel, wakala aliyekuwa akizunguka na kadi, alikuwa amevuka mpaka.

Kaya zote zilitoa maelezo yanayofanana. Aliyepita mlangoni na kadi ni Limi. Aliyeandika majina ni Limi. Aliyewaonyesha mchoro wa mti na kuwaambia waanze kutafuta watatu wao ni Limi. Na aliyemleta kituoni alikuwa Bujiku, mtemi wa sungusungu, jeshi la jadi la ulinzi la Nyamalulu, baba wa mume wake. Cornel alimheshimu mzee yule pale pale. Si kila mtu anaweza kumshika mke wa mwanawe kwa mkono wake mwenyewe akamkabidhi kwa serikali.

Cornel alimwuliza Limi swali moja mara sita: nani alikuletea kadi hizi? Mara sita Limi aliangalia sakafu. Mara ya sita akasema hawezi kusema. Cornel akauliza kama ni yeye aliyeandika, akajibu kwamba aliandika yeye. Basi Cornel akaandika: mtuhumiwa hana wa kumtaja juu yake, na amekiri. Limi akasaini kwa mwandiko mzuri wa darasa la saba. Jalada likapanda basi la Shinyanga siku ile ile, na Cornel akala chakula chake cha mchana kwa raha.

Alijua kilichokuwa kikimsubiri Limi, maana Bujiku alikwisha kumweleza. Sungusungu walikuwa wameamua: ikithibitika kuwa shina la mti ni yeye, atatengwa. Hakuna atakayempa moto, hakuna atakayempa maji, atakayemsalimia atatozwa faini. Atarudi kwa wazazi wake peke yake. Mtoto atabaki, kwa sababu ng'ombe wa mahari walitolewa. Huyo mtoto, Jilala, mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa bado ananyonya, na wakati Cornel anaingia dukani kwa Rajnikant alikuwa mahabusu pamoja na mama yake.

Vipul, mtoto wa Rajnikant, alikuwa nyuma ya kaunta, kati ya majora ya vitenge na vipuri vya baiskeli. Ndiye aliyekuwa na kompyuta ya kwanza mtaa ule. Mara moja kwa wiki aliifunga kwenye waya wa simu, akaipigia Mwanza, ikalia kama bata aliyekabwa, kisha majina ya timu yakasafiri kwenda ng'ambo na majibu yakarudi. Majibu yalikoma mwezi wa sita.

"Mimi nilikuwa karani tu, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Mtu akileta barua ya uchumba nampigia chapa. Ndoa ikivunjika siitwi."

"Leo umeitwa. Toa vifaa vyote."

Vipul akavitoa. Kampuni iliviita vifaa vya kujenga timu, na Cornel aliviorodhesha kimoja kimoja kwenye fomu ya kukamata mali: vitabu vya kadi zenye namba, kaseti moja ya kufundisha namna ya kumshawishi jirani, na mti wenyewe, uliochapwa kwenye karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Waliutandaza juu ya kaunta, ukaanguka ng'ambo ya pili hadi sakafuni.

Kileleni kulikuwa na jina moja: Limi. Chini yake watatu, kisha tisa, kisha ishirini na saba.

Cornel alikuwa na orodha ya kaya za Nyamalulu aliyopewa na mwenyekiti wa kijiji. Akaweka alama ya kalamu mbele ya kila kaya iliyomo kwenye mti chini ya jina la Limi. Alipomaliza, kaya zote zilikuwa na alama isipokuwa moja, kaya ya Bujiku. Alitabasamu. Mzee ameona kijiji kizima kinaingia mtegoni, yeye akabaki nje. Ndivyo alivyoelewa.

"Nipe kadi zenyewe," alisema. "Zile zilizoandikwa kwa mkono."

Zilikuwa kwenye bati la biskuti. Cornel akazipanga kwa namba. Kila kadi ilikuwa na mistari miwili: Jina lako, na chini yake, Aliyekualika. Mwandiko ulikuwa mmoja kutoka kadi ya kwanza hadi ya mwisho, wa Limi, umelala kidogo kushoto. Kadi ya Limi mwenyewe ilikuwa namba 417. Jina lipo. Mstari wa Aliyekualika haukuwa na kitu.

Cornel akaigeuza, akaitazama nyuma, akairudisha.

"Mbona hapa hapajaandikwa?"

"Nami nilimwuliza swali hilo hilo. Kompyuta haikubali mtu asiyekuwa na aliyemwalika. Ukiacha wazi inagoma, labda uwe wewe ndiye wa kwanza. Nikamwambia, dada, nitajie mtu. Akatazama chini. Akasema, acha hivyo hivyo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikamweka kileleni. Watu walikuwa foleni hadi barabarani, afande. Ningefanyaje?"

Cornel akamwaga kilichobaki ndani ya bati. Akazihesabu kadi upya. Mti ulikuwa na watu arobaini. Kadi zilikuwa arobaini na moja.

Iliyozidi ilikuwa namba 416. Haikuwa na jina juu wala chini. Ilikuwa na alama moja tu ya dole gumba, ya wino wa buluu, iliyogandamizwa kwa nguvu hadi karatasi ikabonyea.

"Hii ni ya nani?"

"Hiyo ililetwa siku moja na ya dada huyo. Haina jina, kompyuta haili madole. Nikaitupa humo."

"Nani alikuja nayo?"

"Yeye. Nikamwambia andika jina la mwenye dole. Akanirudishia kalamu, akasema, andika wewe. Nikamwuliza niandike nani. Akacheka kwa aibu, mkono mdomoni, akaenda zake."

Cornel akachukua kitabu cha kadi tupu, akakitazama namna zilivyoshonwa. Zilifuatana kwa namba bila kuruka. Kitabu cha Nyamalulu kilianzia namba 416. Basi kadi ya dole ndiyo iliyofungua kitabu. Kuna mtu aliyetangulia kabla ya Limi, mtu asiyejua kuandika, mtu ambaye Limi alimbebea kadi yake mwendo wa siku nzima kutoka Nyamalulu hadi Geita, na akashindwa kuandika jina lake.

Alifungua mkoba akatoa nakala ya jalada. Ukurasa wa kwanza ulikuwa malalamiko ya Bujiku. Mwishoni mwake, mahali pa saini, palikuwa na dole la mzee, lililopigwa kwenye kila nakala.

Rajnikant alinunua dhahabu kidogo kidogo kutoka kwa wachimbaji, kama maduka mengi ya mji ule, na lenzi ya kukagulia ilikuwa droo ya pili. Cornel akaiomba. Akaziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu karibu na mlango, penye mwanga. Dole la kwenye malalamiko lilikuwa limekatwa na mstari wa mshazari, kovu la kitu chenye makali, na upande wa kulia juu pembe yake ilimeguka. Dole la kwenye kadi 416 lilikatwa na mstari ule ule, na pembe yake ilimeguka pale pale.

Alitazama mara tatu, kisha akamkabidhi Vipul lenzi. Vipul akatazama, akaiweka lenzi chini taratibu kama yai.

"Afande, mimi mahakamani siendi. Wachimbaji wakisikia tunawatolea polisi ushahidi, duka hili litaungua baba yangu akiwa ndani."

"Wameshirikiana," Cornel alisema, akijisemea. "Mwanamke anamficha mkwewe, mkwe anamtoa kafara mwanamke. Walipanga wakagombana."

"Hawakupanga."

Sauti ilitoka nyuma ya majora. Mama yake Vipul alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi akichambua dengu kwenye sinia, na Cornel alikuwa hajamwona tangu aingie. Akamwamkia shikamoo, mama akaitika marahaba bila kuinua macho kwenye dengu.

"Umesema huyo mwenye dole ni nani kwake?"

"Baba wa mume wake."

"Basi hawezi kumtaja. Atamtajaje?"

Cornel alimtazama. Sajini alikuwa Mhaya wa Bukoba, ana miezi minne tu Runzewe, na hakuna aliyemweleza desturi hiyo ya Wasukuma.

"Wewe andika hapo kwamba mimi nina miaka thelathini na moja katika nyumba hii," mama aliendelea. "Jina la mwenye nyumba halijatoka mdomoni mwangu hata siku moja. Nikienda hospitali, nesi ananiuliza jina la mume. Nanyamaza. Ananifokea. Siku moja nesi wa Kisukuma akamwambia mwenzake, mwache mama wa watu, kwani wewe unamtaja baba mkwe wako? Wakacheka wote. Sasa nikienda nachukua karatasi ya duka yenye jina, nawaonyesha kwa kidole."

Vipul akasema ni kweli, kwamba mama yake humwita mzee Baba Vipul, na wakati mwingine humwita wewe tu.

Cornel aliketi juu ya gunia la mchele. Alitoa maelezo ya Limi, akasoma mwandiko wake mwenyewe. Mtuhumiwa hana wa kumtaja juu yake. Alikuwa amemwuliza mara sita swali ambalo asingeweza kulijibu hata kwa panga shingoni, na kila aliponyamaza, yeye aliandika. Mwanamke aliyeandikia kijiji kizima alikwama kwa jina moja tu. Alikwama kwenye kadi ya mzee, kadi ikabaki bila jina. Alikwama kwenye kadi yake mwenyewe, mashine ikampandisha kileleni. Alikwama mbele ya askari, askari akamfunga.

Aliomba simu. Iliwachukua robo saa kupata Shinyanga, na sauti ya mkubwa wake ilikuja ikiwa na mvumo. Cornel akamweleza yote kwa mpangilio: namba za kadi, kitabu, kovu, desturi. Mkubwa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwuliza tangu lini Cornel amekuwa mtaalamu wa alama za vidole. Alama za vidole hupelekwa Dar es Salaam, majibu ni miezi minne, na mlalamikaji ni mtemi wa sungusungu mwenye mashahidi thelathini na tisa. Mtuhumiwa amekiri na ana saini. Nani alichukua maelezo hayo?

"Mimi, afande."

"Kesho asubuhi gari linamfuata Limi, anakuja kusomewa shitaka. Leo saa kumi jioni babu wa mtoto anakuja kumchukua mtoto, nimeshaongea naye kwa redio ya kituo chenu. Mtoto anakula ugali, mahabusu ya huku siyo ya watoto. Kamilisha makabidhiano."

Cornel aliomba siku mbili. Mkubwa akasema anaweza kubadilisha mawazo kwa kitu kimoja tu: maelezo mapya ya Limi mwenyewe, yenye saini, yakimtaja aliyemletea kadi. Yakifika kwa redio kabla ya saa kumi, mtoto atabaki na mama, na jalada litafunguliwa upya. Simu ikakatika.

Lori lililokuwa likifuata pamba lilimbeba kutoka Geita. Alikaa mbele kati ya dereva na utingo, mkoba magotini. Vumbi la Bwanga liliwapaka wote rangi moja. Walifika Runzewe saa tisa na dakika ishirini.

Konstebo Mageni, mwanamke pekee kituoni, alikuwa amerudi kutoka likizo siku ile ile. Alikuwa amemtoa Limi mahabusu akamkalisha chumba cha nyuma, na Jilala alikuwa amevaa kofia ya polisi iliyomfunika hadi puani. Cornel alimwambia Mageni kwa kifupi alichokigundua Geita. Mageni ni Msukuma wa Kahama. Alimsikiliza, kisha akasema kwa adabu yote ya cheo chake:

"Afande, hilo hata mpiga debe wa stendi angekwambia."

Cornel akaketi mbele ya Limi. Hakutoa kadi kwanza. Alimwambia anajua kwa nini hakutaja jina, na kwamba hatamwuliza jina tena. Alimwambia kuhusu kadi 416 na kovu. Limi akamvua mtoto kofia, akamlaza mapajani.

"Sasa sitaki useme," Cornel alisema. "Nimeandika hapa, Aliyeniletea kadi ni, kisha jina lake lote. Nitakusomea. Kama ni kweli, weka kidole tu kwenye mstari, kisha utie saini chini. Hutakuwa umemtaja. Nitakuwa nimemtaja mimi."

Limi aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Alikuwa mwepesi wa kusoma, na macho yake yaliruka mahali pa jina yakaendelea chini.

"Afande, siku ile uliniuliza nani. Mara sita uliniuliza nani."

"Najua."

"Ungeniuliza Abel alilala nyumba gani, ningekwambia. Alilala kwetu siku tatu, akachinjiwa kondoo. Ungeniuliza kitabu kilitoka mikononi mwa nani siku ya kwanza, ningekwambia kilikuwa juu ya kigoda nje ya nyumba kubwa, nikaambiwa mwanangu wewe umesoma, zunguka nacho. Hayo yote si jina. Nilikaa pale nasubiri uulize."

"Ndiyo nakuuliza sasa. Alilala nyumba gani? Nimeshakusikia. Naandika, unasaini, imekwisha."

Limi akatikisa kichwa.

"Siku ile mtoto alikuwa wangu. Leo nimeambiwa anakwenda kulala kwake. Nikisaini, barua yako itafika Shinyanga, na mtoto atakuwa mikononi mwa nani siku mtakapokwenda kumkamata?"

"Ukisaini kabla ya saa kumi, mtoto haendi."

"Atabaki hapa na mimi hadi lini? Mtanijengea nyumba hapa kituoni?" Alisema bila hasira, kama mtu anayeuliza bei. "Ng'ombe kumi na tano zilitoka zizi lile zikaja kwetu. Kaka yangu ameoa kwa hizo. Nikimwonyesha mzee kidole, zinadaiwa zirudi, mke wa kaka anarudi kwao na watoto wawili. Na mume wangu yuko Isaka anabeba magunia kwenye mabehewa, hajui hata kama nimefungwa. Akirudi akikuta baba yake yuko jela kwa saini yangu, atanipokea?"

Cornel alimtazama Mageni. Mageni aliegemea ukuta, amekunja mikono.

"Mwambie," Cornel alisema. "Mwambie kwa Kisukuma."

Mageni akachuchumaa mbele ya Limi, wakaongea kwa Kisukuma, chini chini. Cornel alishika neno hapa na pale, mayu, yaani mama, ng'ombe, jina la mtoto. Mara moja Limi alicheka kidogo. Kisha Mageni akasimama.

"Nimemwambia yote, afande. Anasema nami ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Sikumjibu."

Saa kumi kasoro dakika tano, baiskeli mbili ziliingia uwanjani. Bujiku alikuwa mbele, mrefu, koti la kahawia limefungwa vifungo vyote, filimbi ya sungusungu kifuani. Nyuma yake alikuja mke wake, na kanga mpya ya kumbebea mtoto imekunjwa juu ya usukani. Cornel aliwafuata kabla hawajafika mlangoni. Alimwamkia mzee shikamoo, akaitikiwa. Mama akapita, akaenda kuketi kwenye benchi.

Cornel akatoa kadi.

Bujiku aliitazama bila kuishika. "Hiyo haina jina."

"Ina dole lako, mzee."

"Madole ni mengi duniani."

"Lenye kovu kama hilo ni moja. Nimeangalia kwa lenzi."

Sauti ya mzee haikupanda wala kushuka.

"Wewe utahamishwa, kijana. Mwakani uko Tunduru, uko Mpwapwa, sijui. Mimi nikitoka kwenye kiti kile, wezi wa ng'ombe wanaingia Nyamalulu kabla ya mvua za kwanza. Mwaka themanini na tatu tulizika watu saba. Nani aliwazuia baada ya hapo? Ninyi? Watu thelathini na tisa wamepoteza maksai. Wanataka mtu wa kumlaumu. Wakimlaumu mwanamke, kijiji kinabaki. Wakinilaumu mimi, hakuna kijiji."

"Ulimtuma wewe."

"Nilimtuma kwa nia njema. Nilitaka mashine ije. Hata mimi nilidanganywa."

"Basi ingia ndani useme hivyo. Hayo tu. Umedanganywa, ukamtuma. Hakimu ataelewa."

"Hakimu, ndiyo," mzee alisema. "Jeshi langu halitaelewa."

Akampita Cornel, akaingia.

Limi alipomwona alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni na kumwamkia, macho chini, kama ilivyompasa. Bujiku akaitika kwa upole. Akauliza hali ya mtoto. Limi akasema mtoto mzima, ana mafua kidogo. Cornel alisimama katikati yao na fomu ya makabidhiano mkononi.

"Mama Jilala," alisema. "Mbele ya watu hawa wote. Abel alilala nyumba gani?"

Mzee alitazama dirishani. Mama mkwe alitazama kanga yake. Mageni aliacha kuandika.

"Niliandika mimi," Limi alisema. "Kadi zote."

Hakuna kilichobaki kufanywa isipokuwa taratibu, na Cornel alizifanya. Alisoma fomu kwa sauti. Jina la mtoto, umri, hali ya afya. Alifungua kidau cha wino, Bujiku akabonyeza dole, akalibandika mahali pa saini, na kovu likatokea mbichi juu ya karatasi ya serikali, safi kuliko yale mawili ya kwanza. Cornel alilitazama likikauka. Alikuwa na madole matatu ya mtu mmoja na hakuwa na pa kuyapeleka.

Limi alimweleza mama mkwe mambo ya mtoto, moja baada ya jingine, bila kukosea. Uji asipewe wa moto sana. Usiku hulala upande wa kushoto. Akilia bila sababu apewe kijiko cha bati agonge, atanyamaza. Mama mkwe aliitikia kila neno, na uso wake ulikuwa umelowa machozi. Kisha akageuka, Limi akampandisha mtoto mgongoni kwake, akamsaidia kufunga kanga, akakaza fundo.

Jilala hakulia. Alikuwa hajawahi kupanda baiskeli, na alipoiona akanyoosha mkono. Walitoka uwanjani polepole, mzee mbele, bibi nyuma, wakashika njia ya magharibi.

Limi alirudi mwenyewe mahabusu bila kuambiwa. Cornel akapiga redio Shinyanga, akaripoti kwamba makabidhiano yamekamilika na kwamba hakuna maelezo mapya. Akaulizwa kama kuna lolote la ziada. Akasema kuna kadi moja. Akaambiwa aiweke ndani ya jalada. Aliketi akaandika taarifa yake ya siku, kurasa tatu, kila jambo mahali pake, Geita, bati la biskuti, lenzi, kondoo, kigoda. Alijua itafunguliwa na karani, itafungwa na karani.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mageni alipogonga mlango ulio wazi.

"Afande, Mama Jilala anaomba kitambaa."

"Cha nini?"

"Huu ndio wakati wake wa kunyonyesha. Maziwa yanatoka, gauni limelowa lote mbele. Anaona aibu, kuna wanaume mahabusu ya pili."

Cornel alipekua droo. Kulikuwa na mihuri, karatasi za kaboni, pingu zilizovunjika. Akapekua mifuko. Akatoa leso yake, akaikung'uta vumbi la Bwanga, akamnyooshea.

Mageni aliitazama, hakuipokea.

"Haitoshi, afande."